Kujenga stoo ya mbao ya futi 8 kwa 10 nyumbani kwako Mwanza

Ukitaka kujua stoo ya mbao itadumu muda gani, inama utazame chini yake kabla ya kutazama kuta. Kama kuna ubao unaogusa udongo, mchwa wameshaanza kazi au wako njiani. Kisha inua macho uone paa limefungwaje na ukuta. Likiwa limeshikwa na misumari miwili mitatu tu, siku upepo wa mvua utakapovuma kwa nguvu kutoka ziwani, bati na papi zake, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, vitaondoka pamoja. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye miguu na kwenye vifungo. Kuta na rangi ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye msumeno mkali na subira ataiweza.

Watu wawili wanaitosha kazi hii. Mmoja peke yake atakwama siku ya kusimamisha kuta na siku ya kupandisha bati.

Vipimo na sababu zake

Stoo hii ina upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 3. Paa lina mteremko mmoja: ukuta wa mbele una kimo cha mita 2.35 na wa nyuma mita 1.90. Tofauti hiyo ya sentimita 45 inatosha kuyakimbiza maji kwenye bati la migongo.

Vipimo vimepangwa kufuata mbao za dukani. Ubao wa futi 12 una mita 3.66, na ndani yake zinatoka nguzo mbili za nyuma za mita 1.80, kinachobaki ni kipande cha kutupa. Bati la futi 10, yaani mita 3.05, linafunika kutoka mbele hadi nyuma bila kuunganishwa. Ukiongeza upana wa stoo kwa sentimita 20 tu, utahitaji bati refu zaidi au kiungio katikati ya paa, na kwenye mteremko mdogo kama huu kuvuja huanzia kwenye kiungio.

Mahali

Kama kiwanja chako kiko karibu na maji, pima kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, na stoo yenye miguu ya zege ni ya kudumu. Pita pia kwa mtendaji wa mtaa umweleze unachotaka kujenga kabla hujanunua hata msumari.

Acha nafasi ya sentimita 60 pande zote, hata kama uwanja ni mdogo. Stoo iliyobanwa na uzio haikaguliki, na usichokikagua mchwa watakikagua kwa niaba yako. Mvua za kwanza za vuli zinapoanguka, angalia kumbikumbi wanatokea wapi uwanjani. Tundu wanalotokea ni mlango wa kundi la mchwa lililo chini ya hapo, hivyo sogea mbali nalo.

Jambo la mwisho ni upepo. Angalia mvua kubwa kwenu huja ikitokea upande gani, maana mtaa ulio nyuma ya kilima na mtaa unaotazama ziwa haipati upepo uleule. Geuza ukuta mfupi wa nyuma uelekee huko, mlango uwe upande wa pili. Ukifanya kinyume, upepo utapiga ukuta mrefu, utaingia chini ya ukingo wa mbele wa paa na kulisukuma juu.

Majira

Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Nunua mbao Juni, mimina miguu Julai, simamisha stoo Agosti na Septemba. Mpango huu unazipa mbao muda wa kukauka, na faida yake utaiona kwenye kuta.

Kuchagua mbao

Mbao nyingi za Mwanza ni za msindano, wenyewe wanaita paini. Zinatoka kwenye mashamba ya miti ya Rubya kisiwani Ukerewe na Buhindi, na nyingine husafirishwa kutoka Mafinga. Mkaratusi ni mgumu zaidi, lakini hupinda na kupasuka ukikauka. Unafaa kwa nguzo za uzio, si kwa fremu.

Mbao zinazouzwa sokoni mara nyingi bado ni mbichi. Nyanyua mbao mbili za kipimo kimoja: iliyo nzito zaidi ina maji mengi. Shika ubao usawa wa jicho uangalie ukingo wake kama unavyotazama mshale, uone kama umepinda. Kataa ubao wenye kiini cha mti katikati, ule mduara mdogo unaouona kwenye ncha, kwa sababu utapasuka kufuata kiini hicho. Madoa ya bluu hayaudhoofishi ubao, ila yanaonyesha kwamba ulikaa na unyevu muda mrefu. Kifundo kikubwa kwenye ukingo wa ubao wa rafta, ule unaobeba paa kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, ni sababu ya kuurudisha.

Ukishazifikisha nyumbani, zipange kivulini juu ya matofali, na kila tabaka utenganishe na fito nyembamba zilizonyooka mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Mbao za inchi moja ziache walau wiki 6. Ukiruka hatua hii, ubao wa upana wa sentimita 19 unaweza kusinyaa karibu sentimita moja ukiwa tayari umepigiliwa ukutani.

Mihimili na boriti za sakafu ziwe mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani. Rangi hiyo inatokana na shaba, lakini ndani ya dawa mara nyingi kuna pia aseniki, ambayo ni sumu. Kila unapokata ubao wa dawa, paka ncha mpya dawa ya mbao ya brashi, kwa kuwa dawa ya kiwandani haifiki katikati kila mara. Vipande vinavyobaki visiende jikoni wala kwenye tanuri la kubanikia samaki, kwa sababu moshi na majivu yake vina sumu. Vumbi lake usilitandike kwenye banda la kuku. Lifukie mbali na kisima na bustani.

Mahitaji

- Mbao za 2x6 (inchi 2 kwa 6), futi 12, za dawa: 3
- Mbao za 2x4, futi 12: 18 (boriti 7 za dawa, rafta 6, kona 4, akiba 1)
- Mbao za 2x3, futi 12: 28
- Mbao za 2x2, futi 12: 6 (papi 5 na akiba)
- Mbao za 1x4, futi 12: 6
- Mbao za 1x8, futi 12: 72 (sakafu 13, kuta 46, mlango 5, fishabodi, yaani ubao wa kufunika ncha za rafta, 4, akiba 4)
- Bati za migongo midogo, futi 10, geji 28: 5
- Bati bapa, futi 4 kwa 8: 1
- Chuma bapa chenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3, urefu wa mita 6: 1
- Bolti za milimita 12, inchi 3, na washa zake: 9
- Saruji: mifuko 5. Mchanga: ndoo 18 za lita 20. Kokoto: ndoo 35
- Misumari: inchi 4 kilo 3, inchi 3 kilo 2, inchi 2½ kilo 3, inchi 1½ nusu kilo, ya bati yenye mpira kilo 2
- Bawaba ndefu 3, komeo la kufuli, kopo dogo la lami, dawa ya mbao ya brashi, wavu wa chuma wenye matundu madogo

Kwenye bati, kadiri namba ya geji inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene. Geji 30 ni rahisi zaidi kwa bei, lakini karibu na ziwa penye upepo hupasuka kuzunguka msumari. Usibane matumizi hapo.

Miguu tisa

Tunajenga juu ya miguu ya zege yenye kimo cha sentimita 40 juu ya ardhi kwa sababu mbili. Kwanza, kilima chenye mawe hakichimbiki mtaro wa msingi, lakini mashimo tisa yanawezekana. Pili, ukipiga magoti unaona chini ya stoo yote, na mchwa hana pa kujificha.

Pigilia vigingi na uvute kamba ya mstatili wa mita 2.4 kwa 3. Ili kona iwe sawa, pima sentimita 90 kwenye kamba moja na 120 kwenye nyingine. Umbali kati ya alama hizo mbili uwe 150 kamili. Ukishamaliza kona zote, pima kutoka kona hadi kona. Mishazari yote miwili iwe mita 3.84. Ikitofautiana kwa sentimita moja, sogeza vigingi sasa. Kosa hilo ukiliacha utalikuta tena kwenye sakafu, kwenye ukuta, na mwishowe kwenye bati lisilokaa mraba.

Miguu inakaa safu tatu za miguu mitatu: kwenye kamba mbili ndefu na katikati yake. Uso wa nje wa kila mguu wa pembeni uwe ndani ya kamba kwa sentimita 5, kofia ya bati itakayowekwa juu isichomoze nje ya ukuta na kukinga mvua. Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina cha 45. Chini mimina zege la unene wa sentimita 20, kisha juu yake simamisha boksi la mbao la sentimita 25 kwa 25.

Mchanganyiko ni moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unahitaji ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto. Maji yasizidi lita 25 hivi. Zege likitiririka kama uji, limeshapoteza nguvu. Mchanga wa ziwa hili hauna chumvi, lakini unaweza kuwa na tope. Jaza chupa ya plastiki nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, iache saa moja. Tabaka laini litakalotulia juu ya mchanga likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga wote, uoshe au tafuta mwingine.

Mpe fundi wa kuchomelea chuma bapa akukatie vipande tisa vya sentimita 45, kila kimoja akikunje sentimita 5 za ncha na kutoboa tundu la bolti karibu na ncha ya pili. Zege likiwa bado bichi, zamisha upande uliokunjwa sentimita 25 ndani, nje zibaki 20 zikiwa wima, zikigusa pale uso wa mhimili utakapokuwa. Hiki ndicho kifungo cha kwanza. Mafundi wengi huacha waya wa kufungia badala yake, na waya huo hula kutu ndani ya misimu michache.

Vichwa vyote tisa viwe usawa mmoja. Pimamaji fupi haitoshi kwa umbali wa mita 3. Tumia mpira mwembamba unaoonekana ndani, ujaze maji bila mapovu, mtu mmoja ashike ncha kwenye mguu wa kwanza na mwingine atembee na ncha ya pili. Kwenye mteremko miguu ya chini itakuwa mirefu. Ukizidi mita moja, panua boksi lake hadi sentimita 35 na uweke nondo nne za milimita 10 ndani.

Ukikutana na jabali kabla shimo halijafika kina, usilichomee matairi kulipasua. Lisafishe kwa brashi ya waya na maji. Kama limezama imara ardhini, toboa tundu la sentimita 15, ondoa vumbi lote, pachika nondo ya milimita 12 kwa uji wa saruji, kisha mimina mguu juu yake. Jiwe linalotikisika ukilisukuma kwa mtaimbo halifai, liondoe.

Mwagilia zege asubuhi na jioni kwa siku 7, lifunike kwa magunia. Kabla ya hapo usiweke mzigo.

Sasa kofia za mchwa. Kata kwenye bati bapa vipande tisa vya sentimita 35 kwa 35, weka kila kimoja juu ya mguu, pasua mwanya mwembamba wa kupitishia chuma, na kunja kingo zote kuelekea chini kwa mwelekeo wa nyuzi 45. Ziba mwanya kwa lami. Kofia hii haimuui mchwa. Inamlazimisha kujenga njia yake ya udongo kuzunguka ukingo, nje, ambako utaiona na kuibomoa kabla hajafika kwenye mbao. Dawa ya kumwaga ardhini hatuipendekezi mahali ambapo maji ya mvua yote yanaishia ziwani, kwani nyingi zinaua samaki.

Sakafu

Mihimili mitatu ya 2x6 ikatwe mita 3 na kulazwa kwa ukingo juu ya miguu, kila mmoja ukifungwa kwa bolti kwenye vyuma vitatu. Panapobaki uwazi kati ya mhimili na kofia, jaza kwa vipande vya bati bapa. Kabari ya mbao husinyaa, halafu sakafu inaanza kulia ukikanyaga.

Juu ya mihimili panga boriti saba za 2x4, mita 2.4, umbali wa sentimita 50 kati kwa kati. Kila inapokutana na mhimili, piga misumari ya inchi 4 miwili kwa mshazari, mmoja kila upande. Kutoka kila boriti limebaki pande la mita 1.26: kata humo vipande vya sentimita 45 uvibane kati ya boriti juu ya mhimili wa kati, zisipinduke. Pima tena mishazari ya mita 3.84 kabla ya kupigilia ubao wowote.

Mbao za sakafu zinakatiza boriti. Piga misumari miwili ya inchi 2½ kwa kila boriti. Karibu na ncha, ubao wa msindano hupasuka kirahisi. Dawa yake ni ndogo: geuza msumari, uweke kichwa chake juu ya kitu kigumu, ugonge ncha mara moja kwa nyundo mpaka iwe butu. Ncha kali inapenya kati ya nyuzi na kuzitenganisha kama kabari, ncha butu inazivunja na kupita.

Fremu za kuta

Fremu unaziunda zikiwa zimelala juu ya sakafu, ukuta mmoja baada ya mwingine. Anza na wa nyuma. Weka ubao wa chini na wa juu, vyote mita 3, vigusane, uchore alama za nguzo kwenye vyote kwa pamoja ili zisipishane. Nguzo sita za mita 1.80, takriban sentimita 60 kati kwa kati, msumari wa inchi 4 miwili kila ncha. Katikati ya kimo bana vipande vya sentimita 55 kati ya nguzo. Vitoe kwenye mabaki ya rafta na ya nguzo za mbele. Usikate ubao mzima kwa ajili yake.

Ukuta wa mbele una nguzo sita za mita 2.25. Mbili za kati ziache uwazi wa mlango wa sentimita 90, na juu ya uwazi, mita 1.84 kutoka sakafuni, weka kipande cha 2x4 kilichosimama kwa ukingo. Ubao wa chini ulio kwenye uwazi wa mlango usiukate sasa. Ukiukata kabla ya kusimamisha, ukuta utajinyonga mikononi mwenu. Utaukata mwisho, kila kitu kikishafungwa.

Kabla ya kuinua fremu, pima mishazari yake, ikilingana pigilia mbao za 1x4 za mshazari upande wa ndani: mbili mbele, mbili nyuma. Bila hizi fremu ni mstatili unaoegemea misumari, na mlango utaanza kukwama baada ya masika ya kwanza.

Inua, shikilia kwa vipande vya muda, angalia kwa timazi pande zote mbili, kisha pigilia ubao wa chini kwenye boriti kwa misumari ya inchi 4. Kuta za pembeni zijenge zikiwa zimesimama, nguzo tano kila upande na mshazari mmoja. Urefu wa kila nguzo upime palepale, kwa sababu mteremko halisi huwa haufanani kabisa na wa kwenye karatasi.

Sasa vifungo vya pili. Kutoka kwenye bati bapa lililobaki kata mikanda ya sentimita 4 kwa 50. Kwenye kila kona na pande mbili za mlango, funga mkanda kutoka nguzo ya ukuta kushuka hadi kwenye mhimili, misumari minne ya inchi 1½ kila ncha. Hadi hapa ukuta umeshikwa na mhimili, mhimili na chuma, chuma na zege.

Paa

Rafta sita za 2x4 zikatwe mita 2.95. Pale zinapokalia ukuta, chonga tako la kina cha sentimita 2, lisizidi 3, maana ukichonga theluthi ya ubao umeukata nguvu. Zitokeze takriban sentimita 25 mbele na nyuma. Kila rafta ipigwe misumari miwili ya mshazari, kisha mkanda wa bati uipite juu na kushuka pande zote mbili kwenye nguzo ya ukuta au ubao wa juu. Misumari ya mshazari inazuia rafta kusogea. Mkanda ndio unaozuia kunyanyuka. Upepo mkubwa haulisukumi paa chini, unalivuta juu, na nguvu hiyo ni kubwa zaidi kwenye kingo na kona.

Papi tano za 2x2, mita 3.4, zikatize rafta kwa umbali wa sentimita 74 hivi, msumari wa inchi 4 kila zinapokutana. Papi ya kwanza na ya mwisho zifunge pia kwa mikanda.

Bati zianzie upande usiopigwa na upepo, ili kila bati linalofuata lilale juu ya lililotangulia huku mdomo wa kiungio ukitazama mbali na upepo. Laza migongo miwili, si mmoja na nusu. Bati tano zinakupa nafasi hiyo. Msumari unapigwa juu ya mgongo, kamwe si bondeni, kwa kuwa maji yote hupita bondeni. Kwenye kingo piga kila mgongo wa pili, katikati kila wa tatu. Acha kupiga mpira unapoanza kubonyea: ukiendelea mpaka mgongo ukabonyea, umejitengenezea kidimbwi kuzunguka tundu.

Bati litokeze sentimita 5 nyuma ya fishabodi. Pengo kati ya rafta juu ya kuta za mbele na nyuma usilizibe kwa mbao; weka wavu. Usiku hewa ya ziwani ina unyevu mwingi na bati hupoa haraka, matone yanajikusanya chini yake na kudondokea mbolea au nyavu ulizohifadhi. Hewa inayopita huyakausha.

Mbao za nje

Kwanza weka kona: ubao wa 2x4 kila kona kwenye ukuta wa mbele na wa nyuma, nusu ya upana wake ikilalia fremu, nusu ikitokeza pembeni. Mbao za pande zote mbili zitaishia kwenye ubao huu.

Mbao za 1x8 zinalala kwa mlalo kama magamba ya samaki, kuanzia chini. Ya kwanza ianze sentimita 10 chini ya sakafu ifunike ncha za boriti, na nyuma ya ukingo wake wa chini weka fito ya unene wa inchi moja ili nayo ipate mlalo kama wenzake. Kila ubao ufunike wa chini yake kwa sentimita 3. Chora alama za sentimita 16 kwenye fimbo iliyonyooka na uitumie kila nguzo, macho hudanganya.

Kwenye kila nguzo piga msumari mmoja tu wa inchi 2½, juu kidogo ya pale ubao wa chini unapoishia, usiupite ubao ule. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapiga misumari miwili, juu na chini, ubao unashikwa kingo zote, na ukisinyaa hauna pa kwenda ila kupasuka katikati. Ukishikwa mahali pamoja unasinyaa ukiteleza chini ya mwenzake, na huoni chochote.

Mbao za pembeni zinakatwa mita 2.4 na kuacha mabaki ya mita 1.26. Hayo ndiyo ya kujazia kila upande wa mlango, ambako unahitaji karibu mita 1. Paka dawa ncha zote kabla ya kupigilia, kwani maji huingia kwenye ncha haraka kuliko kwenye uso wa ubao.

Mlango

Mbao tano za wima za mita 1.82, wa mwisho uuchane ili upana wote uwe sentimita 89. Nyuma yake mbao tatu za kulala na mbili za mshazari. Mshazari uanze chini upande wa bawaba na kupanda kuelekea upande wa kufuli. Ukigeuzwa, uzito wa mlango unaning'inia kwenye misumari na kona ya chini itaburuza sakafu. Acha milimita 5 pembeni na sentimita moja chini. Bawaba na komeo vifungwe kwa bolti, nati zikiwa ndani, mwizi mwenye bisibisi asipate pa kushika.

Rangi na maji

Oili chafu ya magari haifai hapa. Haikauki kabisa, rangi haishiki juu yake, na kila mvua huosha sehemu yake kuelekea ziwani. Paka dawa ya mbao mara mbili, kisha praima na rangi ya mafuta ya rangi nyepesi. Ukuta unaotazama magharibi upake koti moja zaidi, kwa sababu unapigwa na jua la mchana wote uliobaki.

Paa hili lina eneo la mita za mraba 10 hivi, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua ni karibu lita 10. Mvua ya milimita 20 inajaza pipa la lita 200. Weka mfereji wa bati nyuma na pipa kwenye kona, la sivyo maji hayo yote yatachimba udongo kwenye miguu mitatu ya nyuma.

Ukaguzi

Kila mwezi, na kila wiki wakati wa mvua, piga magoti na tochi uzunguke miguu yote tisa. Ukiona mstari wa udongo unaopanda, uvunje na urudi siku ya tatu. Ukijengwa upya, fuata mchwa mpaka kwenye kiota chao. Usiegemeze kuni, matofali wala ngazi kwenye ukuta, kwani kila kimojawapo ni daraja linaloiruka kofia ya bati.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza, ingia ndani mchana, funga mlango, subiri macho yazoee giza, utafute matundu ya mwanga kwenye bati. Miezi 6 baadaye mbao zitakuwa zimekauka na kupungua unene: chukua spana ukaze bolti zote tisa. Nyingi zitakubali nusu mzunguko au zaidi.